Mizunguko Kumi na Shanga Kumi

Dada yangu Mwanakombo,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Leo siichani, hata ikitoka mbovu.

Unaukumbuka ukuta wa jiko letu pale Tiwi? Hukuwahi kuingia shule, lakini ndiwe uliyenifundisha mafumbo ya hesabu, kwa kipande cha mkaa. "Ukiandika namba zote, moja mpaka elfu, saba utaiandika mara ngapi?" Nilihangaika siku mbili, nikachafua ukuta mzima, Bibi akanifukuza kwa mwiko. Nilipokuletea mia tatu ulinikazia macho: "Una hakika?" Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu, anayerudi nyuma ameshindwa. Nikasema nina hakika, ukacheka, ukanipa ukoko wote wa wali. Nilikupenda sana, Dada, na nilipenda sana kupata.

Kisha Fatuma wako akaugua. Alikuwa na miezi minane, joto siku ya nne halishuki, na shemeji yuko Mombasa kazini. Bibi akaweka nadhiri: tumsalie Mtume mara laki moja kabla ya Ijumaa, mtoto apone. Wanawake wa mtaani wakaja na tasbihi zao, zote za namna moja na ya Bibi. Kila aliyemaliza mzunguko alisema "mia" akatia punje ya mahindi bakulini, nami ndiye niliyekabidhiwa bakuli. Alhamisi baada ya adhuhuri punje zilitimia elfu. Wakasoma Fatiha, wakaenda zao kupika. Wewe ukaanza kumfunga mtoto mgongoni, maana lori la mbata la jirani lilikuwa karibu kupita kwenda Msambweni, na hospitali iko huko.

Mimi nilikuwa nimeshika tasbihi ya Bibi, nazihesabu shanga kwa kukosa kazi. Tisini na tisa. Nikazihesabu tena.

"Dada, haijatimia laki," nikasema. "Kila mia ilikuwa mia kasoro moja. Imepungua elfu nzima."

Bibi alinikemea. "Wewe mtoto, Mwenyezi Mungu si karani! Mwanakombo, nenda, lori laja."

Lakini ulikuwa umesimama na kanga mkononi. "Nadhiri ni nadhiri, Bibi. Nikiondoka haijatimia, mtoto atapona vipi?"

Ukaniuliza zimebaki ngapi. Mungu anisamehe, nilifurahi jinsi jibu lilivyotoka safi: mizunguko kumi, na shanga kumi juu yake. Ukaketi, mtoto mapajani, ukaanza kuzisoma mwenyewe, hutaki msaada wa mtu. Bibi alitoka mbio kwenda kumzuia dereva barabarani.

Ulikuwa kwenye mzunguko wa tatu lori lilipopiga honi.

"Jamani, mwaja au hamji?" dereva aliita. "Nami nina safari!"

Midomo yako haikusimama. Macho ndiyo yaliyonigeukia. Ulimaliza uliyokuwa ukiisoma, ukaniuliza taratibu, "Una hakika?"

Ningeweza kusema nimekosea. Nilifikiria kulisema neno hilo, Dada, usidhani halikunijia. Lilifika mpaka kwenye ulimi, na nikaona nitakuwa nimeshindwa.

"Nina hakika," nikasema.

Lori likaondoka, na siku ile halikupita gari jingine. Laki ilitimia kabla ya alasiri, kamili, haikuzidi wala haikupungua. Fatuma alifariki alfajiri.

Siku ya hitima nilikujia nikilia. Ulinifuta machozi kwa ncha ya mtandio wako ukaniambia, "Usilie. Hesabu yako ilikuwa sahihi." Mpaka leo sijui kama ulinihurumia au ulinihukumu. Mwezi uliofuata mlihamia Jego, na miaka mitano hii tumekuwa tukitumiana salamu kwa vinywa vya watu, kama majirani waliogombana.

Nimejifungua, Dada. Ni msichana, ana siku kumi na nane. Juzi asubuhi nilimgusa nikamwona ana joto. Sikusubiri dua wala chai, nilimkimbiza hospitali bila viatu. Daktari alimpima akacheka, akasema mtoto hana ugonjwa, nimemvika nguo nyingi mno. Wanawake waliokuwa kwenye foleni nao wakacheka. Mimi nilikaa kwenye benchi nikalia mpaka wakanyamaza, kwa sababu benchi lile lilikuwa lako. Ni wewe uliyestahili kukaa pale, uchekwe, urudi nyumbani na mtoto wako.

Ninaogopa sana kuiweka barua hii posta. Ninaogopa zaidi kutoiweka.

Njoo umwone. Kama huwezi kunitazama usoni, njoo umwone yeye, mimi nitatoka nje mpaka umalize. Nipige, nitukane, niulize siku ile nilikuwa na moyo gani. Lolote utakaloniambia nitalipokea. Ila nakuomba, usiniambie tena kwamba nilikuwa sahihi.

Mdogo wako,
Mwanaidi