Mama Aliomba Nimrudishe Kwenye Joto

Vwawa, Jumatano, Julai 2008

Tumemzika mama leo, na asubuhi baridi ilikuwa inang'ata masikio.

Mimi ndiye niliyemtoa Momba, kule bondeni kwenye joto, nikampandisha huku juu ili nimtunze. Miezi miwili tu, kifua kikambana. Kila siku ananiambia, "Mwanangu, nirudishe kwenye joto." Nami naenda kuwachekesha majirani bombani, eti mama yangu anakumbatia jiko kama paka. Mdomo wangu huu.

Kaburi walichimba watani wetu, wale wa kututania hata msibani, nyuma ya nyumba, kwenye mibuni. Nilisimama pembeni. Mmoja wao akatoa kichwa shimoni.

"We mama maneno, leo umemeza ulimi? Hebu shika huu."

Akanipa bonge la udongo wa chini kabisa. Lilikuwa vuguvugu. Wa juu ulikuwa baridi kama chuma.

"Chini kuna joto," akasema. "Kule Nanyala si maji yanatoka ardhini yanafuka moshi? Mama hatasikia baridi tena."

Wenzake wakacheka kidogo.

Lile bonge sikuliachia mpaka likapoa mkononi.