Mlio wa Gari la Daktari wa Meno

4 Februari

Mpwa wangu,

Hujambo huko? Kazi je, na kile kifua chako cha baridi? Sisi huku wazima, ila mgongo wangu unanikumbusha umri kila nikitoka chini ya gari. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu za siku hizi nimezichoka, mtu anaongea kama yuko ndani ya pipa.

Sasa tulia, maana nina hasira. Jana daktari wa meno, yule mteja wangu wa miaka yote, kaniletea gari la umeme. Eti linavuta kushoto. Nikafungua boneti. Mpwa wangu, hamna kitu! Sanduku la plastiki, nyaya za rangi ya chungwa, onyo la fuvu, basi. Hamna plagi, hamna kabureta, hamna pa kutia mkono. Ukitaka kujua linaumwa nini unaunganisha kompyuta, na kompyuta nayo inataka ruhusa ya kiwanda. Mimi, fundi wa miaka thelathini na minane, niombe ruhusa ya kumgusa mgonjwa wangu! Na betri ikifa haitengenezwi, utupe ununue nyingine. Mnaunda magari ya kutupa, halafu mnatuambia ndiyo maendeleo.

Kilichonikera zaidi ni ule ukimya. Unanijua: naweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, nakutajia beringi inayokufa. Hilo gari bisibisi utaiweka wapi? Daktari alipokuwa analirudisha nyuma uani lilinifikia kisigino, na sikuwa na habari kama limeanza kutembea. Ningezikwa kwa kosa la gari ambalo nilidhani limezimwa. Nani huko kiwandani kwenu aliamua gari linyate kama paka?

Nijibu, usinikwepe.

Mjomba wako, visigino vyote viwili bado vipo.

21 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua kimetulia. Mgongo wako nimeusikia, na nina hakika hujaenda kuutazamisha, kwa hiyo nisiseme.

Kwanza, betri sizitengenezi mimi. Nimekueleza hilo mara tatu kwenye simu, kila mara unaniambia "safi sana" halafu unauliza tena. Kitengo changu ni cha mlio. Kuhusu kompyuta na ruhusa za kiwanda niko upande wako, na nilipolisema kikaoni waliniangalia kama mlevi. Lakini kabureta unayoililia hata magari ya petroli yaliachana nayo siku nyingi, na wewe mwenyewe uliitukana kila siku. Nimekulia gereji kwako, hayo matusi nimejifunzia hapo.

Sasa huo ukimya. Mjomba, gari la daktari halinyamazi! Nimeangalia toleo lake. Likienda taratibu kuna spika nyuma ya bampa inatoa mlio mwembamba, kama filimbi ya mbali. Watu sita wenye shahada zetu tuligombana miezi mitatu kwa ajili ya mlio huo. Kama hukuusikia basi spika imekufa. Mwambie daktari apite mbele yako polepole, usikilize, uniandikie. Bosi wangu nimemwambia una sikio linaloshinda mashine zetu zote, na anasubiri maoni yako. Usiniaibishe.

Mpwa wako.

12 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, na salamu nyingi kwako na kwa hao wenye shahada.

Nimefanya ulivyotaka. Daktari kapita mbele yangu mara tatu, mwendo wa maiti, mimi nimesimama nimefumba macho. Kimya! Yeye anasema linalia. Nikamwambia wewe kaa na meno ya watu. Fundi rangi naye, yule wa kibanda cha pili, anasema analisikia, lakini huyo tangu nimjue anakubaliana na kila mwenye gari. Spika yenu mbovu. Nimeing'oa na nakutumia kwenye kifurushi hiki, mwonyeshe bosi wako maoni yangu.

Sikumwacha mteja hivihivi. Nimemfungia king'ora cha lori, kile cha kurudi nyuma, ila nimekiunga kilie hata likienda mbele. Hapo ndipo gari likawa gari. Kesho yake daktari karudi amenuna, anasema majirani wamemvua nguo kwa maneno, na wagonjwa wanakimbilia dirishani wakidhani kuna moto. Watu hawana shukrani. Nyie wenye viwanda mnatoa kazi nusu, sisi tukimalizia tunaonekana wahuni.

Mjomba wako.

20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Leo sina utani.

Spika yako nimeiunganisha mezani kwangu. Imelia. Imelia vizuri kabisa mpaka watu wa chumba cha pili wakachungulia. Haijawahi kuwa mbovu.

Mlio ule tumeujaribu kwa watu wengi. Wasiousikia ni watu wa aina moja: waliokaa miaka na grenda, na nyundo za kunyoosha bodi, bila kuziba masikio. Kwao sauti nyembamba ndizo zinazoondoka kwanza. Mjomba, mtandao wa simu yako hauna tatizo. Nimempigia fundi rangi akiwa uani kwako, tumesikizana vizuri mno.

Nenda kwa daktari wa masikio. Nakuomba. Na kama utaniambia huna nafasi, nitakuja mwenyewe nikuburute mbele ya wateja wako.

Mpwa wako.

30 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Siku arobaini hujanijibu. Nimepiga simu, umepokea, umesema "safi sana" ukakata. Umeninunia kama mtoto. Sawa, nuna, lakini nenda hospitali ukiwa umenuna.

Mpwa wako anayekasirika kwa sababu anaogopa.

17 Mei

Mpwa wangu,

Hujambo? Mimi mzima, kwa namna fulani.

Nilikununia, ndiyo. Barua yako niliichana. Halafu wiki iliyopita mwalimu mmoja kaleta pikapu yake. Nikaweka bisibisi, nikasikiliza, nikamwambia gari zima, nenda. Nikaenda kula. Nikarudi upesi maana nilisahau miwani, nikamkuta mwalimu amekaa kwenye benchi, fundi rangi na mwenzake fundi umeme wako chini ya pikapu yake wanabadilisha beringi ya gurudumu. Fundi rangi alimkimbilia mpaka barabarani akamdanganya kwamba nimesahau kukaza nati moja. Nikamuuliza, beringi imefanya nini? Akajibu bila kutoka chini ya gari. "Ilikuwa inapiga kelele uani kote, mzee."

Miaka miwili, mpwa wangu. Miaka miwili kila gari ninalolipitisha wao hulisikiliza tena nyuma ya mgongo wangu, wakalirekebisha nikiwa nimekwenda kula, na mteja akanishukuru mimi. Kwa heshima! Niliwatukana wote wawili, nikawafukuza. Hawakuondoka. Wakaendelea kukaza nati, nikakaa juu ya tairi nikalia.

Kesho yake nikaenda. Wanakufungia kwenye kichumba, wanakuvisha spika za masikioni, ukisikia mlio unabonyeza kitufe. Nikakaa nasubiri waanze, kumbe wamemaliza. Dawa hakuna. Kuna kifaa cha kuvaa, nacho, haya cheka, kina betri, na kukirekebisha mpaka kompyuta. King'ora cha daktari nimekwenda kukitoa na nimemwomba radhi. Gari lake bado silipendi.

Mwambie bosi wako maoni yangu ni haya: mlio wenu ni wa watu wenye masikio mazima, na hao sio mtakaowagonga. Uongezeeni sauti nzito. Sisi wa grenda na nyundo pia tunavuka barabara.

Kuna jambo moja linaninyima raha tangu nitoke kwenye kile kichumba. Mwaka jana, mwezi wa tisa, ulinipigia simu asubuhi. Nilisikia pumzi zako zinakatikakatika, nikadhani unacheka. Na mimi nikacheka. Nikakwambia safi sana, hongera, nikakata nikarudi kwenye gari. Baada ya hapo ulikaa miezi mitatu bila kunipigia, nikasema mtoto ana kazi nyingi. Sasa najiuliza kama kweli ulikuwa unacheka.

Uliniambia nini siku ile? Niandikie. Kusoma bado nasoma.

Mjomba wako.