Mluzi Mwishoni mwa Sentensi

Mjukuu wangu Neema,

Amahoro? Huku Kasulu tu wazima, maharage yamekauka vizuri, na babu yako anakusalimu sana.

Unauliza ni lugha gani tuliyoongea ujanani ili wazazi wasituelewe. Tuliitunga wenyewe. Silabi tulizisema kinyumenyume, na ili kukanusha tulipiga mluzi mwishoni.

Siku moja, tukipalilia, babu yako akaniambia, "Aokutani," yaani nitakuoa. Papo hapo mluzi ukasikika. Nikatupa jembe, nikaondoka nikilia.

Akanikimbilia. "Si mimi! Ni yule mchunga mbuzi!"

Namshukuru Mungu niligeuka. "Basi sema tena."

Akasema tena, kisha akaziba mdomo kwa mikono yote miwili mpaka nilipomjibu.

Bibi yako akupendaye