Basi Limefika Vadlipura

Mama Nisha,

Basi limefika! Nimekaa hapa jikoni kwangu Guildford, huku huku ughaibuni ulikoniacha, hata yunifomu ya kazi sijavua. Basi la serikali limeingia kijijini kwenu Vadlipura kabisa, likasimama mbele ya shule uliyosoma!

Nisha wako ndiye aliyeniita. Tangu utuache hunipigia simu kila siku, lakini leo alipiga kelele mpaka nikadhani kuna mabaya. "Anti, washa video! Mjomba anatuonyesha!" Nikamwona Ramesh, mdogo wako, barakoa imeshuka kidevuni, anakimbia na simu huku anahema.

Unakumbuka tulipokuwa tukitandika vitanda vya wazee kule kazini Auburn? Ulinisimulia kwa Kiswahili chako cha Kisumu, kile ulichojifunza ukiuza dukani kwa mume wako: "Mwende, kwetu barabara inaishia njia panda. Ukitaka hospitali, tembea. Ukitaka soko, tembea." Ukaniambia Ramesh alizaliwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe kwa sababu mama yenu hakuwahi kufika hospitalini. Ulicheka, lakini ulilivuta lile shuka nikaogopa litachanika.

Na kila mlipoomba basi mliambiwa ninyi ni wachache. "Tuko wachache kwa sababu hakuna basi," ulisema, "na hakuna basi kwa sababu tuko wachache. Sasa nani aanze?"

Basi nikwambie ilivyoanza. Corona hiyo hiyo iliyokuchukua. Mimi sitaisamehe. Lakini miji ya kwenu ilipofungwa, vijana waliokuwa viwandani walirudi nyumbani, wengine kwa miguu. Nyumba zenye kufuli zikafunguliwa. Shule iliyokuwa karibu kufungwa ikakosa madawati! Wengi wakaamua kubaki, wakalima pamba, wakafuga nyati wa maziwa.

Wifi yako Jayshree akaenda ofisi ya mabasi. Akaambiwa yale yale: ninyi ni wachache. Akasema, "Njoo utuhesabu mwenyewe." Yule bwana akaja kwa pikipiki asubuhi, watu wakipeleka maziwa yapimwe na kuuzwa. Akakuta foleni kutoka hekaluni hadi kisimani, kila mtu na kopo lake, watoto wanapita katikati. Ramesh anasema yule bwana alihesabu kidogo, akachanganyikiwa, akaomba chai.

Leo basi lenyewe limekuja, limevishwa maua ya rangi ya chungwa mpaka kwenye vioo vya pembeni. Wakapasua nazi mbele ya gurudumu kulibariki. Halafu, Mama Nisha, mama yenu akatoka na fimbo yake. Watu wakataka kumbeba, akawafukuza. Alipanda ngazi polepole, akakaa nyuma ya dereva, akajifunika ushungi. Dereva akamuuliza anashuka wapi. Nisha alinitafsiria jibu huku analia na kucheka: "Sishuki popote. Wewe endesha tu."

Nikageuka nikuone uso wako. Nimegeuka kweli, kama mjinga, nikatazama kiti kitupu.

Siku ya kukuaga waliruhusiwa wachache mno. Nilikaa ndani ya gari nje ya geti, nikafuata kwa simu, na mtandao ukakatika kabla hawajamaliza. Nilikuwa sijakuambia neno lolote. Labda ndiyo maana leo siwezi kunyamaza.

Majivu yako yapo kwa Nisha, sebuleni, karibu na picha ya baba yake. Tulikuwa tukijiuliza tutakufikishaje kwenye mto wa kwenu tuyamwage, na mipaka yote imefungwa. Leo tumekubaliana. Siku watakayofungua viwanja vya ndege, naomba likizo, Nisha anaomba ruhusa chuoni, tunakuleta. Nimeshamwambia Ramesh atutafutie nafasi ya kulala, na Jayshree amesema nikija nisilete biskuti za dukani, atanipikia mpaka nishindwe kuinuka.

Pumzika, rafiki yangu. Nakuahidi mbele ya mwanao: tutapanda basi hilo hadi Vadlipura, mimi dirishani, Nisha kando yangu, na wewe katikati yetu.

Wako,
Mwende