Jini wa Helmeti na Mbuzi wa Akko

Jumamosi, isha inakaribia. Upepo wa leo umeleta vumbi lote la barabara ya Ngaremara mpaka ndani ya chai yangu, na kichwa changu kimevurugika vivyo hivyo. Sijui kama nimefurahi au nimeaibika. Kuku wangu mwekundu naye hajarudi tangu jana, ila hiyo najua ni kazi ya paka wa jirani.

Acha nianze na Talaso.

Talaso ni msichana wa nyumba ya pili hapa mtaani Wabera, yuko gredi ya tano, na huumwa na tumbo kila akionyeshwa kitabu. Si mjinga hata kidogo. Kwa maneno anaweza kukuuza sokoni na kukununua tena kabla hujashtuka. Lakini ukurasa ukiwa mbele yake, utamwona anainama kufunga kamba za viatu, na huku amevaa sandali. Ni kwa ajili ya watoto kama yeye ndiyo nikaanza kuandika vitabu vyangu vidogo vya mizuka ya kuchekesha, sura fupi fupi, herufi kubwa. Nachapisha pale saiba, kwenye kompyuta za kulipia, nabana kwa stepla.

Kipya kinahusu jini anayeishi ndani ya helmeti ya bodaboda. Maskini ana upweke, maana hapa kwetu nani anavaa helmeti? Inaning'inia kwenye usukani mwaka mzima. Siku abiria mmoja anapoivaa, jini anafurahi hadi hanyamazi. Analalamikia matuta, anamkosoa dereva, anasalimia kila ngamia anayepita.

Jana nilimpa Talaso nakala. Aliipokea kama mtu aliyepewa dawa ya minyoo.

Leo alasiri mlango ukagongwa. Nje alikuwa Akko wake, yaani bibi yake, fimbo mkononi na kitabu changu kwapani. Nilijua amekuja kwa sababu ya jini. Utetezi wangu niliuandaa zamani: huyu hana madhara, ni mzaha tu, anaogopa hata mbuzi.

"Salaam aleikum, intala, binti yangu. Hii kitabu ni yako?"

Nikaitikia salamu, nikaanza hotuba. Akanikatiza.

"Jini iko, mimi najua. Lakini hadithi nasoma mchana? Na jua iko juu? Sasa mbuzi yangu yote imepotea. Wewe nalelewa wapi?"

Hapo nikamkumbuka marehemu baba. Hata umbembeleze vipi, hakusimulia hadithi kabla ya saa ya mifugo kuingia bomani. Alisema hadithi ya mchana hupoteza mifugo. Mimi mtoto wa mjini, sijachunga hata ndama, nilidhani anataka tu alale baada ya chakula.

Tukaenda kutafuta, mimi, Akko na Talaso, ambaye ndiye aliyetumwa kuwachunga na sasa alikuwa akilia. Mbuzi tuliwakuta nyuma ya kibanda cha muuza miraa, wakimalizia majani yaliyotupwa, wamechangamka kuliko siku zote. Kuwarudisha nyumbani ilikuwa kazi, kila mmoja alikuwa na maoni yake.

Njiani nikamuuliza Talaso ilikuwaje wakamponyoka.

"Nilikuwa tu sura ya pili," akasema akifuta kamasi. "Kuinua macho, kumbe niko ya mwisho, na mbuzi haziko."

Nikasimama katikati ya barabara.

Miaka yote hii nimemtafuta mtoto mmoja tu asahau dunia kwa sababu yangu. Nimempata. Amesahau dunia pamoja na mbuzi wa bibi yake.

Nilitaka kumkumbatia, lakini ningemkumbatiaje mbele ya Akko? Na Akko alikuwa amesema ukweli. Hadithi ilisomwa mchana, mifugo ikapotea. Kitabu akakifunga kwenye mtandio wake na kusema mambo ya vitabu yameishia hapo. Talaso akalia kuliko alivyolilia mbuzi. Nikarudi nyumbani nimenywea, nikijua tumbo lake litaanza kuuma upya.

Sasa hivi Talaso ametoka hapa mlangoni, anahema. Mbuzi walipoingia zizini na magharibi ikaswaliwa, Akko alifungua mtandio, akamwambia keti, soma kwa sauti. Amesoma. Jini aliposalimia ngamia, Akko alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akamtuma kwangu.

"Akko anasema uandike hapa mbele, isisomwe kabla mbuzi kuingia. Na anauliza, huyo jini atapata mtu wa kumvaa tena?"

Nimeandika onyo kwa kalamu ya wino mzito, juu ya kila jalada. Halafu nikakumbuka kwamba shule imevitaka vitabu hivi Jumatatu, kwa kipindi cha asubuhi. Nimwambie mwalimu nini? Ahakikishe kwanza mbuzi wa darasa zima wako wapi?

Mimi nimesoma. Siamini mambo haya.

Ila mimi huandika asubuhi, jua likiwa juu na banda la kuku likiwa wazi, na ndivyo nilivyofanya jana, siku yule mwekundu alipopotea. Nimetoka sasa hivi kumchungulia yule paka wa jirani. Amelala, amekonda, hana hata unyoya mmoja mdomoni.

Kesho sishiki kalamu mpaka kuku wote walale.