Mzee Asiyeitikia Salamu

Ipogolo, Jumanne

Bado najikasirikia. Leo studio nilimwonyesha Mama Neema picha ya mwanga ya marehemu mumewe, niliyoitengeneza kutoka kwenye video ya harusi ya binti yao. Mzee alisimama hewani, mzima kabisa, na koti lake la sufu. Nikangoja sifa.

Mama akapiga goti, akamsalimu Kihehe. "Kamwene, Baba Neema." Akasubiri.

Kimya. Huku kwetu nani husalimiwa akanyamaza? Sikulifikiria hilo, mjinga mimi.

Nikasema haraka kwamba teknolojia inakua, mwakani labda ataitikia.

Akainuka taratibu. "Mwanangu, akinyamaza najua amekufa. Akiitikia, nitamlilia nani?"

Sikumwambia kwamba sauti ya mzee nimeshaitoa kwenye ile video. Iko hapa kwenye kompyuta. Kuifuta naogopa, kuiacha naogopa.