Kibuyu cha Gitting Ndani ya Kabati la Kioo

Shangazi,

"Makumbusho ambayo vitu vyake huazimwa si makumbusho, ni jiko la kijiji." Ndivyo alivyosema afisa mpya wa utamaduni kwenye mkutano wa wiki iliyopita, amesimama mlangoni mwa chumba chako cha makumbusho, hapa Basotu kando ya ziwa. Amekosea.

Shikamoo kwanza. Nimeanza na ugomvi kabla ya salamu, kama kawaida yangu.

Tangu tukuzike, chumba kimepakwa rangi nyeupe. Sketi ya ngozi yenye shanga, ile ya kutoka Daudi, imetundikwa juu ambako mkono haufiki. Vibuyu vya maziwa vimeoshwa kwa sabuni na kufungiwa kwenye kabati la kioo. Ufunguo anao afisa, na afisa anakaa Katesh.

Wewe hukufungia kitu. Ulikuwa na daftari: jina la aliyeleta chombo, na shughuli atakayokihitajia. Kila baada ya muda ulichukua kijinga cha moto, ukasugua kibuyu kwa ndani ili moshi ufukuze wadudu, ukaniambia, "Msomi, nusa." Nikanusa, nikakohoa. Ukacheka: "Maneno unayo, mapafu huna."

Mwezi uliopita alikuja Mama Paulina kutoka Gitting. Binti yake anaolewa, na kwao binti haondoki nyumbani kabla hajanywa maziwa ya kibuyu cha bibi yake. Ni kile kirefu chenye mkanda wa ngozi shingoni, alichokukabidhi ukitunze. Afisa akamkatalia. Mama Paulina akakitazama kupitia kioo, akasema, "Kimekufa hicho." Nilidhani ni uchungu tu. Siku ya mkutano kabati lilipofunguliwa, nilikishika. Chepesi kama ganda la yai. Wadudu wametoboa kitako. Moshi haunukii tena. Kinanuka sabuni ya kufulia.

Sasa lile ambalo sikutaka kuliandika. Sentensi ya afisa si yake. Ni yangu. Niliiandika gazetini ukiwa hai, nikikupinga wewe. Nilidai kioo, nilidai kufuli. Uliisoma yote, ukakunja gazeti, ukasema, "Umeandika vizuri. Haya, shika ufagio." Nilidhani nimeshinda.

Basi nilisimama mkutanoni nikabishana na sentensi yangu mwenyewe. Mzee mmoja akauliza, "Leo unagombana na nani, mwanangu?" Watu wakacheka. Mama Paulina hakucheka. Nilimwomba msamaha mbele ya wote. Akasema, "Msamaha haushiki maziwa." Paulina ataondoka bila kibuyu cha bibi yake, na hoja yangu hata moja haiwezi kukiziba.

Vibuyu vilivyobaki bado vizima. Nilivigonga kimoja kimoja siku ile ile ya mkutano, kama ulivyonionyesha. Daftari lako ninalo. Pumzika, Shangazi. Kijinga nitakiwasha mimi, hata nikikohoa.

Barua hii naibandika mlangoni pako, maana wa kuijibu ni walio hai. Ninyi ambao majina yenu yamo kwenye daftari, wa Basotu, Gitting na Daudi: njooni Ijumaa asubuhi mchukue vyombo vyenu, mvitumie, mvirudishe vikinuka moshi. Na wewe, afisa, uje na ufunguo.